Shoti ya indiketa kwenye lori la zamani
Wenye malori ya zamani hapa Tanga, tafadhali acheni kufunga fyuzi kubwa ili isikatike! Utakaoungua ni waya, na gari nalo.

Lori letu la mkonge lilikuwa linakata fyuzi nikiwasha indiketa ya kushoto tu, kulia safi. Basi shoti iko baada ya swichi, upande wa kushoto. Nikachomoa fyuzi, mahali pake nikaunga balbu ya volti 24. Shoti ikiwepo, balbu inawaka kwa nguvu na waya unabaki salama. Nikawa natikisa waya kutoka mbele kwenda nyuma, taratibu. Karibu na taa ya nyuma, kwenye chesisi iliyoliwa na kutu (chumvi ya bahari hii!), balbu ikafifia ghafla. Ganda la waya limechubuka, shaba inagusa chuma.

Nimeunga upya, nikauvisha bomba la plastiki. Jioni limeondoka kwenda Muheza, indiketa zote zinapiga.