Haidrojeni kutoka maji ya bahari: ukoko mweupe wa kathodi umesalimu amri

Seli hii hutumia umeme wa jua kupasua maji: haidrojeni hutoka kwenye kathodi (nguzo hasi), oksijeni kwenye anodi (nguzo chanya). Imetimiza saa 60 za jua na volti karibu hazijapanda, yaani haijaziba. Kwa ampea 1 ilianza na 2.04, leo jioni imesoma 2.06. Toleo la kwanza, lililotumia maji ya bahari kama yalivyo, lilianza na 3.2 likafika 4.5 ndani ya muda wa saa nne, kathodi imevaa ukoko mweupe kama birika la zamani.

Mpangilio ni ule ule: vipande viwili vya sifongo ya nikeli, sm 2 kwa 5, mwanya wa mm 3, katikati kitambaa cha polipropilini kilicholowekwa spiriti kwanza (bila hivyo hakilowi na mapovu yananasa). Anodi ina tabaka la hidroksidi ya nikeli na chuma. Kathodi ni nikeli tupu.

Wengi wanaoanza huogopa klorini, ambayo anodi inaweza kuitoa kwenye chumvi ya bahari, na ni kweli inastahili kuogopwa, lakini anodi ina nafasi ya kupumua. Kwenye alkali, oksijeni hutangulia hipokloriti (sura ya klorini ndani ya alkali) kwa takriban milivolti 480, na tabaka la nikeli na chuma linafanya kazi ndani ya pengo hilo. Kathodi ndiyo isiyo na pa kukimbilia. Kila elektroni inayotoa haidrojeni inaacha hidroksidi nyuma yake: kwa ampea 1 kwenye sm² 10, ni takriban maikromoli 1 kwa kila sm² kila sekunde. Bikaboneti ya bahari ni milimoli 2 na ushei tu kwa lita, haiwezi kuzuia pH isipande. Ndoo inasoma pH 8, huku unene wa nywele chache tu kutoka uso wa nikeli pH imeshapita 12. Magnesiamu iliyomo baharini huanza kuganda kama hidroksidi karibu na 9.5. Yaani ukoko haukwepeki, unatengenezwa na umeme wenyewe.

Kuongeza mtiririko wa maji kunachelewesha tu. Kugeuza nguzo kama zinavyofanya mashine za klorini za mabwawa ya kuogelea, hapa sekunde 30 kila baada ya dakika 20, kunang'oa ukoko vizuri sana, na kunaua nikeli vizuri zaidi. Kathodi tupu ikigeuzwa anodi ndani ya maji ya chumvi yasiyo na alkali, nikeli inayeyuka. Dalili yake ni tope la kijani kibichi hafifu chini ya seli. Ukiliona hilo, acha mara moja. Chuma cha pua nacho kisiwekwe upande wa anodi hata kwa majaribio: kinaliwa vishimo na kinaweza kutoa kromiamu ya sita, ambayo ni sumu.

Jaribio la pili lilikuwa kumwaga kostiki, yaani hidroksidi ya sodiamu, moja kwa moja kwenye maji ya bahari, gramu 40 kwa lita. Magnesiamu yote inaganda papo hapo, maji yanakuwa kama uji mwepesi. Kwa nadharia kazi imeisha. Kwa vitendo ule uji unaingia kwenye matundu ya sifongo na kukaa humo. Volti zilipanda polepole zaidi kuliko mwanzo, lakini zilipanda.

Kwa hiyo lazima maji yalainishwe nje ya seli. Lita moja ya bahari ya kawaida ina magnesiamu gramu 1.3 na kalsiamu gramu 0.4. Hesabu inatoa kostiki gramu 4.4 kwa magnesiamu pamoja na bikaboneti, na kabonati ya sodiamu gramu 1.1 kwa kalsiamu, hapo ziada kidogo imo. Kemia yake ni ya sekondari. Kinachokera ni kuchuja. Tope la magnesiamu halina chembe, ni kamasi. Likikauka ni gramu 3 tu kwa lita, lakini likiwa bichi linachukua theluthi ya ndoo na kuziba karatasi ya chujio baada ya vijiko vichache. Kubana kwa pampu kunalifanya zito zaidi, na likipita kitambaa ndilo hilo linalorudi kwenye sifongo.

Suluhisho limetoka kwa watu wa kusafisha maji: usitupe tope. Acha tope la awamu iliyopita chini ya ndoo, mimina maji mapya juu yake, kisha tia kostiki iliyoyeyushwa, tone kwa tone kwa nusu saa huku ukikoroga taratibu. Tope la zamani ni mbegu: magnesiamu mpya inaganda juu ya chembe zilizopo badala ya kuanzisha kamasi jipya. Kufikia awamu ya tano, tope lilikuwa limeshuka hadi sentimita tatu chini ya ndoo na maji ya juu yalikuwa maangavu kabisa. Nyonya kwa mpira bila kuchuja, acha sm 2 juu ya tope, ndipo uongeze kostiki gramu 40 kwa lita. Ukiharakisha matone, kamasi linarudi hata kama mbegu ipo.

Vifaa viwili vinadanganya. Cha kwanza ni mita ya pH: kioo chake kinachanganya sodiamu na haidrojeni pH ikiwa juu sana, hivyo inasoma chini ya ukweli. Pima kwa asidi: mililita 10 za elektroliti (maji ya seli) ya 1 M, yaani moli 1 kwa lita, zinamaliza mililita 20 za asidi ya hidrokloriki ya 0.5 M, kiashiria cha fenolftalini kikipoteza uwaridi. Cha pili ni karatasi ya aiodidi na wanga ya kutafutia klorini. Ndani ya alkali kali haibadiliki rangi hata hipokloriti ikiwepo, kwa sababu aiodini inageuzwa aiodati kabla wanga haijaiona. Watu wanatangaza "hakuna klorini" kwa kipimo kisichofanya kazi! Chukua mililita 5, tia siki mililita 10 mahali penye hewa, ndipo uweke karatasi. Hapa imebaki nyeupe.

Upande wa jua, seli nne za silikoni hazitoshi. Kila moja inatoa volti 0.5 hivi na kupoteza milivolti 2 kwa kila nyuzi ya joto. Paneli ikifika nyuzi 60 nne zinabakiwa na 1.7. Weka tano, unganisha moja kwa moja. Vile vibodi vidogo vya kushusha volti vyenye dayodi ya kawaida vinakula 0.4 kati ya 2, ni hasara tupu.

Gesi ya kathodi: mililita 470 kwa ampea-saa kwa nyuzi 25, unyevu ukiwemo. Silinda ilisoma 455. Pungufu ni kiungo cha mpira, na kirekebishwe, maana haidrojeni inashika moto kuanzia 4% hadi 75% hewani.

Hatua inayofuata ilikuwa pampu ya kulisha maji yaliyolainishwa. Imesimama, kwa sababu ya hesabu moja. Ampea-saa moja inakula maji gramu 0.34. Paneli ya mita moja ya mraba, kwa saa tano za jua kali, inahitaji gramu 160 hivi kwa siku. Trei ya kukenekia maji kwa jua hutoa lita 3 kwa mita ya mraba kwa siku. Sentimita 25 kwa 25 za trei hiyo zinatosha kulisha seli, na klorini, magnesiamu na ndoo ya tope vyote vinabaki nje. Mwaka 2022 watafiti wa Shenzhen walifanya jambo la ukoo huo, wakipitisha mvuke tu kwenye utando usiolowa, seli ikaenda zaidi ya saa 3,200.

Trei ya kwanza imetoa mililita 190. Tone la nitrati ya fedha limeonyesha wingu jeupe hafifu, kwa hiyo chumvi imo. Kioo cha kufunikia trei kimelala mno, mwinamo wa nyuzi 10. Matone yanadondoka katikati ya trei na kurusha maji ya chumvi hadi kwenye mfereji wa kukusanyia maji safi. Sasa kiko nyuzi 20, na ukingo wa trei umeinuliwa sm 3.