Geuza Ua Kwanza: Siku Yangu Malindi na Alizeti za Mwituni

Saa 11 alfajiri

Kazi yangu ni kutambua maua ambayo sijawahi kuyashika. Kuna watu Marekani wanaopiga picha alizeti za mwituni kandokando ya barabara, jangwani na kwenye vinamasi. Picha hizo hukusanywa, kisha mtu kama mimi, niliye chumbani kwangu Muyeye hapa Malindi, huandika kila moja ni spishi gani ili kompyuta ifundishwe kuzitofautisha. Malipo ni kwa picha, si kwa saa, na picha ikirudishwa na mkaguzi hailipwi. Basi naanza mara tu baada ya swala, intaneti ikiwa bado ina kasi na mabati hayajashika moto.

Fungu la leo limetoka Texas, New Mexico, Utah na Florida. Manjano juu ya manjano. Ukimtajia mtu alizeti, anaona lile ua la shambani: shina moja, kichwa kimoja kikubwa kilichoinama kwa uzito wa mbegu. Hilo ni la kufugwa. Jenasi ya Helianthus, yaani ukoo wa alizeti, ina spishi takriban 50, asili yao wote ni Amerika Kaskazini, na wenyeji wa huko walianza kuifuga hii yetu ya mafuta zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Ndugu zake waliobaki porini wana vichwa vidogo vidogo, matawi kila upande, na mbegu zinazopukutika zikikauka tu. Hawachanui kwa pamoja, bali leo hiki, kesho kile. Mkulima ataziita hizo kasoro. Lakini mmea usio na wa kuuvuna utafanyaje? Usipopukutisha mwenyewe mbegu zake, nani atazipanda? Na usipochanua kwa awamu, mvua ikikatika siku mbaya, kizazi kizima kimekwenda.

Saa 1 asubuhi

Mahamri na mbaazi kutoka kwa mama wa pale kona. Nyanya amekuja na kikombe chake, anachungulia laptopu.

"Hivi kweli walipwa kutazama maua?"

"Nalipwa, nyanya."

"Na huyo akulipaye hana macho?"

Anayo. Hana muda.

Saa 2 hadi saa 5

Hapa ndipo penye kazi. Spishi mbili hunilia asubuhi nzima. Ya kwanza ni Helianthus annuus ya mwituni, ambayo ndiyo mama wa alizeti ya shambani. Ya pili ni Helianthus petiolaris, mpenda mchanga. Zote mbili huishi msimu mmoja, zote zina matawi mengi, petali za manjano na sahani ya katikati yenye rangi ya kahawia. Ukizitazama usoni utababaika. Geuza ua. Kwa nyuma kuna vijani vilivyopangana kuishika sahani. Vya annuus ni vipana, kwa kawaida zaidi ya milimita 5, vina vinyweleo virefu ukingoni, na ncha yake hubanwa ghafla ikawa nyembamba na ndefu. Vya petiolaris ni vyembamba tangu mwanzo, vimechongoka polepole hadi mwisho, na vinyweleo vyake ni vifupi.

Shida ni kwamba wapiga picha wanapenda uso. Wanasogea, wanalijaza ua kwenye picha, petali zinang'aa, halafu mgongo hauonekani hata chembe. Ningekuwa na uwezo ningeweka sharti: hakuna picha ya alizeti bila picha ya kisogo chake.

Mgongo ukikosekana, navuta karibu kitovu. Petiolaris ina doa jeupe pale katikati kabisa, nalo ni vinyweleo vilivyo kwenye ncha za magamba yanayotenganisha viua vidogo. Nasema viua kwa sababu alizeti si ua moja, ni mkusanyiko. Kila petali ya pembeni ni kiua kizima, tena tasa. Kazi yake ni kutangaza biashara. Wanaozaa mbegu ni wale wadogo wa sahani, nao hufunguka kwa duara kuanzia ukingoni kwenda ndani. Ndiyo maana doa jeupe huonekana vizuri kwa ua changa na hupotea likishazeeka. Ua likiwa zee na mgongo hauonekani, nahamia kwenye majani. Annuus majani yake ya chini ni mapana, yenye umbo la moyo. Ya petiolaris ni membamba zaidi na rangi yake inaelekea samawati.

Jambo jingine ambalo picha hizi haziwezi kunionyesha ni kile anachokiona nyuki. Sehemu ya chini ya petali hufyonza miale ya urujuanimno, mwanga ambao macho yetu hayauoni ila ya nyuki huuona, kwa hiyo nyuki huona duara jeusi pale tunapoona manjano matupu. Utafiti uliotoka 2022 ulionyesha kuwa upana wa duara hilo hutofautiana hata ndani ya spishi moja, na kwamba kwenye sehemu kavu huwa pana zaidi, kwa kuwa kemikali zilezile zinazolichora hulisaidia ua lisipoteze maji. Yaani tangazo na mwavuli kwa gharama moja.

Texas imenipa pia argophyllus, na hiyo haihitaji kugeuzwa. Majani na shina vimefunikwa vinyweleo vyeupe vilivyolala, laini kama sikio la paka, hivi kwamba mmea mzima unaonekana wa fedha. Unaweza kufika mita 3, na kwao asili ni kwenye mchanga wa Texas. Picha za aina hiyo zikija kumi mfululizo, siku yangu imenyooka.

Saa 5 na nusu stima ikakatika. Nimefunga laptopu nikaenda kuosha vyombo.

Saa 7 mchana

Wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nyanya bado ana lake moyoni.

"Katika hayo maua yako yote, hakuna la kuliwa?"

Nikamweleza habari za Helianthus tuberosus, alizeti ya kudumu ambayo chini ya udongo ina viazi. Wenyeji wa Amerika walivila kabla Wazungu hawajafika, na hadi leo vinalimwa. Shina hukauka, lakini viazi hubaki ardhini na msimu ukirudi vinachipua tena. Ladha yake ni tamu kidogo, kwa kuwa badala ya wanga vimejaa inulini, akiba iliyojengwa kwa sukari.

"Basi hilo ndilo ua," akasema, akaniongezea mchuzi.

Saa 8 mchana

Stima imerudi. Sasa ni picha za Utah, vilima vya mchanga vitupu na mmea mmoja mmoja umesimama kama uliosahauliwa. Hiyo ni Helianthus anomalus. Majani machache, manene, na mbegu kubwa kuliko za alizeti nyingine yoyote ya mwituni. Kwenye mchanga unaohama, mbegu ndogo ikifukiwa imekwisha. Kubwa ina akiba ya kuisukuma hadi juu.

Kinachonishangaza zaidi ni nasaba yake. Anomalus ni chotara: ndani yake mna annuus na petiolaris, wale wawili walionisumbua asubuhi. Haikuwa peke yake. Ukoo huo wa mchanganyiko umetoa pia deserticola, ya jangwani, na paradoxus, inayoishi kwenye vinamasi vya chumvi vya New Mexico na magharibi mwa Texas. Watoto wote watatu wamehamia mahali ambapo wazazi wao hawawezi kuishi. Mwanabiolojia wa mimea Loren Rieseberg na wenzake wametumia miaka mingi kulichunguza jambo hilo, na vitabu vya biolojia hulitaja kama mfano wa spishi mpya kuzaliwa kwa kuchanganyika.

Paradoxus ndiyo imeleta mzozo wa leo. Picha moja ya New Mexico nimeiandika paradoxus, mkaguzi akairudisha: "annuus". Sikukubali. Shina la mmea ule ni laini, karibu halina nywele. Majani ni membamba, vijani vya nyuma vimechongoka polepole, miguu iko kwenye maji, na pembeni udongo umeota ukungu mweupe wa chumvi. Tena tarehe ya picha ni Oktoba, na paradoxus ni mchelewaji wa kuchanua. Nimeyaandika hayo yote, nikaongeza kwamba tangu 1999 mmea huo umo kwenye orodha ya serikali ya Marekani ya mimea iliyo hatarini, kwa hiyo kuuita annuus si kosa dogo. Nikabonyeza kutuma kwa hasira kiasi.

Saa 10 jioni

Shangazi aliye Mambrui alikuwa anangoja dawa zake. Matatu ilijaa, tukavuka daraja la Sabaki, mto ukiwa mwekundu kwa udongo wa bara. Baada ya kumpa dawa na kunywa chai niliteremka hadi kwenye vilima vya mchanga vya ufuoni. Kuna mmea pale wenye maua madogo ya manjano unaotambaa karibu na maji, Wollastonia biflora. Binamu yangu mdogo akanionyesha: "Dada, si hiyo alizeti yako?"

Ni wa familia moja na alizeti, ila si Helianthus. Majani yake hukaa mawili mawili yakitazamana na yanakwaruza kidole. Asili yake ni pwani za bahari hii yetu na Pasifiki. Ile nyingine ambayo watu wa magharibi mwa Kenya huipanda iwe uzio wa boma, yenye majani machungu yaliyogawanyika, ni Tithonia diversifolia kutoka Meksiko. Ukitaka kuitambua shika shingo chini ya ua: imevimba na ndani ni tupu. Wakulima huikata na kuifukia shambani iwe mbolea.

Kwa mchanga na chumvi kama hii ya Mambrui, anayefanana na Wollastonia huko Marekani ni Helianthus debilis. Kwenye fuo za mashariki mwa Florida hulala chini na kutambaa juu ya mchanga, wakati ndugu zake wa Texas husimama. Binamu alikuwa ameshachoka na somo, akakimbilia mpira.

Saa 2 usiku

Nimemaliza Florida. Humo mlikuwa na Helianthus radula, alizeti ambayo karibu haina petali kabisa: majani yamelala chini kwa duara, kijiti kirefu kikapanda, na juu yake sahani nyeusi yenye wekundu wa zambarau. Wapiga picha wengi huipita wakidhani ua limekwisha kupukutika. Mimi naipenda, kwa kuwa haina petali za kumvuta mtu asitazame mgongo.

Mkaguzi amejibu kuhusu picha ya New Mexico. "Sawa, paradoxus." Hakuomba radhi, lakini malipo yameingia.

Fungu la kesho nimeshalifungua, na ni za kudumu watupu: maximiliani, giganteus, mollis, tuberosus. Mollis itaniwia rahisi, ina majani ya kijivu yanayokumbatia shina. Lakini alizeti za kudumu kwa jumla huchanganyika ovyo, na idadi ya kromosomu zao, zile nyuzi za urithi ndani ya seli, si moja. Kuna zenye 34, kuna za 68, na tuberosus ina 102. Mara nyingi jibu la uhakika liko chini ya ardhi, kwenye viazi na mizizi inayotambaa. Sasa niambieni, ni mpiga picha gani anayebeba jembe?