Kuhesabu Pumzi za Mwanangu Wakati wa Tibakemikali

Binti yangu alikuwa na miaka 4 alipoanza matibabu ya lukemia, saratani ya damu, nasi tunakaa Likoni, Mombasa, ng'ambo ya feri kutoka hospitali. Naitanguliza feri kwa sababu ndiyo iliyonifanya mwanafunzi wa pumzi zake: mtoto akizidiwa usiku wa manane, hujui foleni itakuweka kwa muda gani, kwa hiyo ilinilazimu nijue mapema.

Muuguzi alinieleza kwamba tibakemikali, dawa za kuua saratani, hushusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi, mara nyingi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, na kwamba homa ya kuanzia nyuzi 38 katika siku hizo haitulizwi kwa panado nyumbani. Homa niliiogopa tangu mwanzo. Nililokuwa silijui ni kwamba mapafu yanaweza kuanza kushindwa huku kipimajoto kikionyesha homa ndogo tu.

"Mama, usimhesabu akilia wala akitoka kucheza," aliniambia. "Mhesabu akiwa amelala, dakika nzima."

Basi kila usiku niliinua kanga, nikatazama tumbo lake likipanda na kushuka, nikaandika katika daftari la miraba. Kawaida yake ilikuwa pumzi 22 hadi 24. Kwa wiki kadhaa zoezi hilo lilinichosha, na mume wangu alinitania kwamba nimekuwa karani wa usingizi.

Kisha tukaenda Msambweni kwenye matanga, nikasahau chupa ya Septrin, ile dawa anayopewa siku mbili kwa wiki kukinga mapafu. Wiki mbili zikapita bila dawa, na katika kipindi hichohicho dozi ya steroidi, dawa nyingine ya matibabu yake inayodhoofisha kinga ya mwili, ilikuwa ikipunguzwa. Kosa hilo ni langu.

Tuliporudi daftari liliandika 27, kesho yake 30, usiku wa tatu 34, pamoja na kikohozi kikavu. Mpaka wa Shirika la Afya Duniani wa pumzi za haraka kwa mtoto wa umri wake ni 40 kwa dakika, na kama ningeufuata huo peke yake ningelala. Kucha za mikono zilikuwa na piko la harusi, ambalo huweza kukichanganya kipimo cha oksijeni, nikakibana kwenye kidole cha mguu: asilimia 95. Nikamtembeza hadi jikoni na kurudi, mara mbili, nikapima tena: 89. Hapo sikungoja kuche. Nilipiga simu wodini, tukapanda tuktuk hadi feri.

Daktari alimsikiliza kifua na karibu hakusikia kasoro yoyote, jambo ambalo lingeniliwaza kama si daftari mkononi mwake. Aliagiza kipimo cha damu, kwa kuwa upungufu wa damu nao huharakisha pumzi, kisha picha ya eksirei, iliyoonyesha ukungu katika mapafu yote mawili. Walimtibu nimonia ya Pneumocystis, kuvu inayoshambulia mapafu ya mwenye kinga dhaifu, kwa Septrin ya dozi kubwa kupitia mshipa, pamoja na oksijeni, na matibabu yote yalichukua siku 21.

Usiku wa kwanza nyumbani nilihesabu 23. Chupa ya Septrin sasa inakaa katika mkoba mmoja na daftari, na mkoba wenyewe unaning'inia kwenye kitasa cha mlango wa mbele.