Amani, kwa mti uliokuja kutoka Kagera

Kutoka stendi ya Kange, Tanga mjini, hadi Muheza ni soga moja tu la ndani ya Coaster: mkonge, minazi, halafu machungwa yaliyopangwa mafungu kando ya barabara. Safari yenyewe ilianzia Muheza, pale nilipoiacha lami na kusubiri basi la kwenda juu, ambalo huondoka likijaa. Nilikuwa namfuata mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, anayesomea misitu na aliyekuwa Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, akisaidia kupima miti. "Dada, njoo uone maji unayokunywa yanatoka wapi," aliniambia kwenye simu. Sisi wa Tanga mjini tunakunywa Zigi, mto unaokusanya vijito vya Usambara Mashariki na kuvileta bwawa la Mabayani. Wachache sana kati yetu tumewahi kupanda kuuona.

Kabla ya mlima barabara inapita Longuza, shamba la serikali la mitiki. Miti imesimama kwa mistari, marika yake yanajulikana, na chini majani mapana makavu yanalia ukiyakanyaga. Penye miche michanga watu wamelima mahindi katikati ya mistari. Shamba linapata palizi, mkulima anapata chakula, mpaka mitiki ifunge kivuli. Mpango huo hauhitaji kuelezwa mara mbili: unajua umepanda lini na utakata lini. Msitu wa asili hauna kalenda ya namna hiyo, na huko juu niliona jinsi watu walivyojaribu kuupa.

Pale Sigi basi lilipumzika. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walileta reli nyembamba hadi hapa kutoka Tengeni, wapate kushusha magogo. Reli haipo tena. Nyumba ya mkuu wa stesheni imebaki, nayo sasa inapokea wageni wa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997 ikiwa ya kwanza ya aina hiyo nchini, kama hekta 8,380. Kuanzia hapo ni kona, matope na baridi. Abiria waliokuwa wakijipepea Muheza wakaanza kutoa masweta mikobani.

Asubuhi tuliingia msituni pamoja na mzee mmoja wa kijijini, ambaye watafiti humchukua kwa sababu anaijua miti kwa gome. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, mwanangu, kisha akatazama raba zangu na kutikisa kichwa. Kupe walinipata kabla ya saa tatu.

Ploti ya utafiti haina uzio. Ina vigingi kwenye pembe, na kila mti mnene una kibati chenye namba kilichopigiliwa msumari. Mdogo wangu anazungusha utepe mita 1.3 kutoka ardhini, anasoma, mzee anataja jina, msaidizi anaandika. Msumari haupigiliwi pale pale panapopimwa, kwa kuwa gome huvimba kuuzunguka na kipimo kikadanganya. Tukafika kwenye mtambara ambao mizizi yake imesimama kama kuta za kibanda, juu ya kichwa changu. Hapo utepe unapanda na ngazi, mpaka shina linapokuwa duara. Mti mmoja ulikula dakika ishirini, na ukuaji wake wote tangu upimwe mara ya mwisho ulikuwa mdogo kuliko upana wa ukucha wangu. Nikaanza kuelewa kwa nini mtu anayesema "tuvune kiasi kinachoota" lazima kwanza awe amekaa na utepe miaka mingi.

Ndipo mzee akanionyesha mti mrefu, mweupe-mweupe, ulionyooka vizuri. Niliusifu. Akacheka. "Huo ni mgeni. Kwao ni Kagera huko."

Ni Maesopsis eminii. Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo Amani mwaka 1902 na kupanda humo miti ya kila pembe ya dunia waone ipi itafaa. Huu nao ukaletwa miaka hiyo, na baadaye ukapandwa hata ndani ya msitu uliovunwa, kwa kuwa unakua mbio. Kisha ukaendelea wenyewe. Hondohondo wanapenda matunda yake, wanameza na kwenda kudondosha mbegu mbali; kima nao hawabaki nyuma. Mbegu ikiangukia kwenye kivuli kizito, haifiki mbali. Ikiangukia penye uwazi mkubwa, basi.

Na uwazi ulikuwepo wa kutosha. Mpaka miaka ya 1980 mashine zilikuwa zikivuta magogo milimani humu, na fedha za msaada wa Finland zilikuwemo katika kazi hiyo. Nchi hiyo hiyo ikaja kugharamia ukaguzi wa msitu wa 1986 na 1987, uvunaji huo wa mashine ukasimama, na hifadhi ikafuata. Mimi siwalaumu sana. Angalau walihesabu, na hesabu ilipowageuka waliifuata. Wako wasiohesabu kabisa.

Sasa mgeni afanyweje? Mdogo wangu na mzee walibishana juu ya jambo hili mpaka wakati wa chai. Mzee anataka ikatwe yote, wananchi wapate mbao na kuni. Mdogo wangu anasema ukiuangusha mti mkubwa unafungua anga, na kinachoota kwenye uwazi ule ni watoto wake. Afadhali kuukausha umesimama, au kuuacha uzeeke, kwa kuwa hauishi sana, na chini yake miche ya wenyeji inayovumilia kivuli inakuja polepole. Niliinama nikatazama. Kweli, chini ya ule mti kulikuwa na kamtambara ka majani manne. Pembeni yake kulikuwa na vitoto vya mgeni visivyohesabika, vyembamba, vingi vikinyauka kwa kukosa mwanga. Mimi nilielemea upande wa mdogo wangu, ingawa mzee alikuwa na swali ambalo hakujibiwa: wakati tunasubiri uzeeke, kuni zitatoka wapi?

Miche ya wenyeji nayo inategemea ndege. Norbert Cordeiro na Henry Howe waliandika mwaka 2003 kuhusu mti mmoja wa milima hii: katika vipande vidogo vya msitu vilivyozungukwa na mashamba, ndege wanaobeba mbegu zake wamepungua, na miche inaota chini ya mama zao tu. Kwa macho, kipande kama hicho ni msitu mzima. Ndiyo maana watu walihangaika sana na Derema, ule ukanda unaounganisha misitu. Wakulima walikuwa na iliki humo. Iliki inapenda kivuli, kwa hiyo mkulima anaiacha miti mikubwa na kufyeka kila kichanga chini yake. Unaona kijani kutoka barabarani, kumbe hakuna mrithi. Walilipwa fidia waiache, na mazungumzo ya ile fidia bado yanasikika vibarazani. Aliyepoteza iliki zilizosomesha watoto hasahau upesi.

Jioni tulipita kwa mama mmoja anayeuza mbegu za msambu, mti wa asili wa misitu hii. Tunda lake ni zito, refu, la kahawia. Likianguka halichumwi, linaokotwa. Mbegu zina mafuta yanayoganda, ambayo mabibi walipikia tangu zamani na viwanda vya nje vikaja kuyataka miaka ya 2000. Hapa anayeacha mti umesimama ndiye anayekula, na hilo kwangu lina nguvu kuliko mabango yote ya "Tunza Mazingira" niliyoyapita njiani.

Lakini msambu una ukaidi wake. Mbegu inakaa ardhini miezi mingi kabla ya kuota, mti unachukua miaka kumi hivi kuzaa, na kuna midume na mijike. Midume haizai.

"Sasa mimi na umri huu," alisema mama, "nipalilie miaka kumi, halafu uje kunitolea maua matupu?"

Akatupeleka nyuma ya nyumba. Alikuwa na kitalu kidogo chini ya migomba: miche michanga iliyokatwa kichwa, ikachomekwa kijiti kutoka kwenye mti jike unaojulikana kwa kuzaa, ikafungwa kwa nailoni. Kijiti cha jike hutoa jike, na huwahi kuzaa. Alifundishwa na watafiti, akawafundisha majirani wawili. Mitatu ilikuwa imeshika na kutoa vijani vipya vyekundu, mingine imekauka. Mdogo wangu akauliza kama anakata kijiti asubuhi au mchana, mama akamwambia asubuhi, mchana kinakauka utomvu mkononi, na wakaendelea hivyo huku mimi nikitoa kupe wa mwisho kwenye soksi.