Namba nne za magoti yangu

Moshi, Jumapili jioni

Goti langu la kushoto halina ugomvi na kupanda. Ugomvi wake ni kushuka. Kutoka Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, mpaka geti la Mweka ni mteremko wa zaidi ya mita 4,000, na sisi tunaofanya kazi mlimani tunaujua kwa magoti kuliko kwa macho. Watu husema mlima unakula mapafu. Kupanda, sawa. Kushuka unakula misuli ya mbele ya paja, maana ndiyo breki: inakaza huku inarefuka, goti linakunjika, na mzigo bado uko mgongoni. Waulize wagumu, yaani wapagazi wetu.

Wiki hii nimepimwa nguvu za mapaja. Unakaa juu ya kitanda, goti nyuzi 90, mkanda umefungwa kwenye mguu wa kitanda, na kifaa kidogo kimebanwa juu ya kifundo. "Kaka, sukuma! Usiachie, usiachie... haya, pumzika." Dada wa fiziotherapia ni mdogo kwangu, lakini sauti yake ingeamsha kambi nzima ya Barafu. Kisha unageuza kazi: unavuta kisigino nyuma, ipimwe misuli ya nyuma ya paja. Akapima kwa futi kamba urefu kutoka gotini mpaka kilipokaa kifaa, akazidisha na nguvu iliyosomwa, zikatoka nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha kiungo. Bila urefu huo huwezi kumlinganisha mrefu na mfupi.

Kulia: mbele 182, nyuma 86. Kushoto: mbele 148, nyuma 84.

Ukigawanya nyuma kwa mbele, kulia unapata 0.47, kushoto 0.57. Wanamichezo wengi wanaijua 0.6 kama alama ya kufikia, kwa sababu misuli ya nyuma ndiyo inayozuia mfupa wa muundi usivutwe mbele na kuikaza ligamenti ya katikati ya goti, ile inayowamaliza wacheza mpira. Kwa hesabu hiyo, mguu wangu wenye mizani nzuri ni wa kushoto. Ndio unaouma!

Hapo ndipo nilipokaa na karatasi ile muda mrefu. Nyuma ya mapaja yote mawili karibu ni sawa. Kilichopungua ni mbele ya kushoto, kama asilimia 19 chini ya mwenzake, na kwa kuwa kilichopungua ndicho kigawanyo, uwiano ukapanda. Goti linapouma kwa muda, misuli ya mbele hunywea yenyewe, na karatasi inakupongeza. Mtu mwenye mapaja dhaifu mbele na nyuma anaweza kupata 0.6 safi kabisa.

Halafu dada akanieleza kwamba hiyo 0.6 yenyewe imezoeleka kwenye mashine kubwa zinazouzungusha mguu kwa kasi moja, mara nyingi nyuzi 60 kwa sekunde. Mimi nilisukuma kitu kisichosogea. Badilisha pembe ya goti, uwiano nao unabadilika. Wapo wanaolinganisha nguvu ya nyuma ikiwa inarefuka na nguvu ya mbele ikiwa inafupika, na hapo wanatafuta kitu cha karibu na 1. Kwa mkimbiaji wa mbio fupi naona mantiki yake. Kwangu mimi wa Mweka swali ni jingine: mbele ikiwa inarefuka, inahimili kiasi gani? Hilo kifaa cha juzi hakikuulizwa.

Kazi niliyopewa ni kushuka ngazi kwa mguu mmoja, polepole, kushoto kwanza. Na nyuma nisiisahau: napiga magoti, kijana wangu ananishika vifundo, najiachia kwenda mbele taratibu mpaka mikono iguse mkeka. Anacheka sana, mtoto yule.

Nimemwomba dada kipimo kijacho aniandikie zile namba nne tu. Uwiano nitaupiga mwenyewe kwenye simu, nikiona una haja.