Tumeacha kutumia risasi (madini ya ledi) kwenye mabomba, na nisingependa turudi

Resini ya PVC, plastiki ghafi tunayotengenezea mabomba, peke yake haitoi bomba. Ili iyeyuke na kuvutika vizuri inahitaji joto la nyuzi 180 hivi, na joto hilohilo ndilo linaloiharibu. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni klorini. Ikipashwa sana, klorini hung'oka pamoja na hidrojeni, ikatoka kama gesi ya asidi inayochoma pua na macho na kuozesha chuma cha mashine. Gesi hiyo nayo inachochea nyingine itoke. Plastiki inakuwa ya manjano, kisha kahawia, kisha nyeusi tii, kama sukari iliyosahaulika sufuriani.

Kinachotuokoa ni stebilaiza, kiungo kinachoikinga PVC isiharibiwe na joto. Ni kilo chache tu kwa kila kilo 100 za resini, nasi tunaitia mapema, kabla ya chokaa ya kujazia, ili isambae kwenye punje za resini wakati joto la mikisa, mashine ya kuchanganyia, linapanda kuelekea nyuzi 120.

Nafanya kazi chumba cha kuchanganyia, kiwanda cha mabomba hapa Dar es Salaam. Nilipojifunza kazi hii, stebilaiza ilikuwa ya risasi. Haki yake niipe: inafanya kazi. Bei yake ni nafuu, inavumilia joto, na kloridi ya risasi inayobaki baada ya kuidaka asidi haiidhuru plastiki. Watu wa nyaya za umeme waliipenda zaidi, kwa kuwa kloridi hiyo haiyeyuki kirahisi kwenye maji, hivyo ganda la waya linaendelea kuzuia umeme.

Lakini risasi ni sumu, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Bomba jipya linaweza kuachia kidogo kwenye maji, hasa siku za mwanzo. Mimi naogopa zaidi vumbi. Anayefungua mifuko analivuta, linaganda kwenye nguo, analipeleka nyumbani kwa watoto wake. Watengenezaji wa Ulaya waliiacha kufikia mwisho wa 2015, na India ikaweka kanuni za kuiondoa kwenye mabomba mwaka 2021. Sisi tumehamia stebilaiza ya kalsiamu na zinki.

Kila nikilizungumza hili na mafundi wa viwanda vingine, jibu ni moja: "Kaka, na umeme wetu huu?" Swali ni la haki. Zinki inaidaka asidi haraka na rangi ya bomba inaanza safi sana, ila kloridi ya zinki inayozaliwa hapo inaichochea PVC ioze. Kalsiamu ipo ili ichukue ile klorini na kuirudishia zinki nguvu yake. Kalsiamu ikiisha, hupati onyo la manjano: plastiki inageuka nyeusi ghafla. Sasa umeme ukikatika, skrubu inayosukuma plastiki ndani ya mashine inasimama, lakini silinda inayoizunguka inabaki na joto lake, na mzigo ulio ndani unaendelea kupikika. Ukichelewa, mnafungua dai (kile kichwa cha mashine kinacholipa bomba umbo), mnachomoa skrubu na kukwangua kwa vyuma vya shaba nyeupe ili msiikwaruze. Risasi ilikuwa inatupa muda zaidi hapo.

Hata hivyo muda unapatikana kwa njia nyingine. Tunachagua mchanganyiko wenye haidrotalsaiti, madini yanayoidaka asidi pia, na tunapunguza joto la silinda kadiri bomba linavyoruhusu. Jenereta inaanza na mashine zenye PVC ndani. Tukizima kwa kupanga, hatuachi PVC ilale ndani: tunaisukuma nje kwa polithini. Na kila mzigo tunakata vipande, tunaviweka kwenye oveni na kutoa kimoja kimoja kwa zamu, tuone rangi inageuka dakika ya ngapi. Kipimo hicho kinaniambia mengi kuliko karatasi ya muuzaji.

Jambo ambalo silitanii ni mabaki. Bomba la zamani likisagwa, risasi yake inarudi nalo. Na ukilichanganya na mabaki yenye stebilaiza ya bati yenye salfa, risasi inashikana na salfa na kutia weusi bomba lote. Kwa hiyo mabaki tusiyoyajua asili yake hayaingii kwenye bomba la maji ya kunywa, hata bosi akilia bei ya resini. Wewe unayenunua, muulize muuzaji kama bomba lake halina risasi, na umwombe cheti cha kipimo cha mzigo huo.