Mac au PC ya kuediti video: nilivyoamua mimi

Wakuu, hili swali naulizwa sana na vijana wanaoanza kupiga video za harusi hapa Dar mpaka nimeona bora niandike mara moja nimalize. Mimi nimekulia kwenye PC, lakini sasa hivi kazi zangu karibu zote nafanyia Mac, na sio kwa sababu ya lile tofaa la nembo ya Apple wala sio ili mteja akija ofisini aone jamaa kajipata.

Kwangu kilichonihamisha ni kamera. Enzi za Canon 700D hakukuwa na maneno, unapiga 1080p, H.264 (njia ya kubana video) ya biti 8, hata laptopu ya kawaida inakwenda nayo. Nilipohamia Sony A7 IV nikaanza kupiga 4K kwenye XAVC HS, aina ya faili ya Sony, yaani H.265 ya biti 10, 4:2:2 (inabeba rangi nyingi kuliko 4:2:0 ya kawaida). Picha tamu sana, yani bibi harusi kakaa chini ya zile taa za zambarau za ukumbini na bado unaweza kuivuta rangi mpaka ngozi yake ikarudi kuwa ngozi ya mtu. Shida ni ukishaiweka kwenye taimulaini, unabonyeza pleya, sauti ya MC inaendelea, picha imeganda kwenye keki. Na mashine yenyewe ilikuwa na kadi ya picha ya Nvidia, RTX 3060 ya GB 12, kadi ambayo kila mtu anaisifia.

Kamera inabana video kama marobota ya mitumba, halafu kazi ya kompyuta ni kuyafungua haraka kila ukisogeza kidole. Prosesa ikifungua kwa misuli yake yenyewe inahema, kwa hiyo ndani ya chipu huwa kuna kipande maalumu cha kufungulia, ila kila kipande kina aina zake kinazozijua. Kadi za Nvidia kabla ya RTX 50 zilizotoka 2025 zinafungua H.265 ya 4:2:0 bila shida ila ya 4:2:2 haziigusi. Intel wao wanaifungua kwenye ile picha ya ndani, yaani sehemu ya picha iliyomo ndani ya prosesa yenyewe, kwa kile wanachokiita Quick Sync, kuanzia kizazi cha 11. Apple wanaifungua tangu chipu yao ya M1 ya Novemba 2020. Basi, hapo ndipo siri yote ilipo, na ndio maana unakuta mtu ana MacBook Air isiyo hata na feni anakata video laini kuliko jamaa mwenye kabati zima la kompyuta linalovuma mezani.

Kabla ya kutoa hela nilifanya hivi. Nilichukua SSD ndogo nikaweka klipu zangu mwenyewe, maharusi wanaingia ukumbini, karatasi zinamwagwa, moshi, taa zinacheza, yani ile klipu ngumu kabisa kwenye harusi yoyote, nikaenda nayo Kariakoo. Duka la kwanza jamaa kanitolea mashine kubwa ya mtumba yenye Xeon mbili, zile prosesa za Intel za seva. "Boss hii ni mashine ya kazi, hii studio kubwa ndo wanatumia." Nikamwambia kaka sina ubishi, naomba tu tuiwashe. Tukaweka Premiere, programu ya kuediti, ya majaribio, ile ya siku 7, nikamwaga klipu, halafu nikafungua Task Manager pembeni kwenye upande wa GPU, yaani kadi ya picha. Pale kuna kagrafu kameandikwa Video Decode. Klipu inaenda kwa kukwamakwama, prosesa imegonga 100%, na kale kagrafu kamelala sifuri, kadi haifanyi chochote. Zile Xeon za E5 hazina picha ya ndani kabisa kwa hiyo Quick Sync hamna, na ndio hizo zimejaa mjini kwa sababu ni za bei rahisi na zina jina kubwa. Muuzaji akaangalia kioo akaniangalia mimi, "labda faili lako bovu boss". Tukacheka yakaisha.

Jaribio hilohilo nikalifanya kwenye PC yenye prosesa ya Intel i5-12400 na RAM ya GB 32, ikapita vizuri tu. Angalia herufi lakini. Kuna i5-12400 na kuna i5-12400F, ile F maana yake picha ya ndani haipo, na ukiuliza dukani utaambiwa ni kitu kilekile. Sio kitu kilekile kwa mtu wa 4:2:2.

Halafu nikajaribu Mac mini ya M4, ile iliyotoka Novemba 2024, ya chini kabisa, RAM GB 16 na diski GB 256. Ikapita bila kelele. Kwa hiyo kwenye kukata video tu, hizi mbili ziligongana, na mtu anayekwambia PC haiwezi anakudanganya.

Kilichoamua ni umeme. Waliokuwa na kazi za harusi wakati wa ule mgao wa mwisho wa 2023 kuingia 2024 wananielewa, bibi harusi anataka hailaiti yake (ile video fupi ya harusi) Jumatatu na wewe umeme unarudi saa nane usiku. RTX 3060 peke yake ikikaza inakula wati 170, ongeza prosesa, ongeza kioo, UPS yangu ndogo ya VA 650 ilikuwa inapiga kelele dakika chache tu inazima, tena katikati ya kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika. Mac mini nzima ikikamuliwa kabisa haifiki wati 70 na ikiwa imetulia inakula wati chache mno, yani kioo ndio kinakula kuliko kompyuta. UPS ileile sasa inanipa muda wa kumaliza ninachofanya na kusevu kwa adabu, na nikiunga kwenye betri ya sola naediti jioni nzima wakati mtaa uko giza. Kwa bei nayo, Marekani ilipotoka ilianzia dola 599, huku unaongeza ya ushuru na ya mwenye duka, lakini bado PC mpya ya kufanana nayo ukijumlisha kila kitu haikuachi mbali.

Sasa mabaya yake maana sitaki mtu aje kunilaumu. RAM huongezi, uliyonunua ndio hiyo mpaka mwisho. Diski ya GB 256 ni utani, harusi moja inaijaza, na kuongeza hadi 512 kwao ilikuwa dola 200 nzima, kwa hiyo mimi nilichukua ya chini nikaweka SSD ya nje ya NVMe, ile yenye kasi, na kazi zote zinakaa huko. Haina tundu la USB ya zamani wala la kadi ya kamera, andaa hela ya adapta. Na kitufe cha kuwashia wamekiweka chini ya kompyuta, sijui waliwaza nini.

Kingine kinachosumbua ni diski za wateja. Mteja anakuletea diski yake ya NTFS, yaani iliyoformatiwa kwa Windows, Mac inasoma ila haiandiki, anabaki anakuangalia. Mimi siku hizi nawaambia mapema waje na diski tupu niiformati exFAT, inakubali kote. Ila exFAT ukiichomoa vibaya au umeme ukikatika ikiwa inaandika inaweza kuharibika kirahisi, kwa hiyo kopi ya pili lazima ibaki kwako.

Programu za kuediti nazo. Final Cut ni ya Mac tu, walikuwa wanakupa siku 90 za kujaribu, ni nyepesi kweli, lakini mwenzangu ninayegawana naye kazi yuko Windows, faili la Final Cut kwake ni takataka. Tukakubaliana DaVinci Resolve, ipo kote, ya bure kwenye Mac inatosha, namtumia projekti anaunganisha klipu upya anaendelea. Na imetutoa kwenye Premiere za kukraki, tunajuana wakuu, zile zinazokuja na virusi na kufa siku ya kukabidhi kazi.

PC yangu sijaiuza. Inafanya grafiki na kutunza kumbukumbu, na hata wewe kama unayo kama yangu na hela hamna usikimbilie popote. Ingia kwenye kamera ubadilishe kutoka 4:2:2 uweke 4:2:0 ya biti 10, A7 IV inayo hiyo, kadi yako itafungua na kwenye harusi hakuna shangazi atakayeona tofauti. Au tengeneza proksi, yaani kopi nyepesi za klipu za kukatia, iache mashine ikitengeneza usiku umelala, asubuhi unakata. Mimi nilihama zaidi kwa sababu wapiga video ninaowakodi wanakuja na kamera zao na kila mmoja na seti zake, siwezi kumpangia kila mtu.

Ukienda kuchukua Mac ya mtumba, mfano M1, kwanza usichukue ya GB 8 kama kazi yako ni 4K, itakuchosha. Pili mwambie muuzaji aifute yote mbele yako na aiwashe upya ikiwa imeunganishwa na intaneti. Ikidai akaunti ya mtu mwingine, au ikaleta kioo cha Remote Management, hiyo bado ni ya mtu au ya kampuni huko ilikotoka, na siku yoyote inaweza kufungwa. Na muuzaji akikwambia "usiifute boss utaiharibu", rudisha hela mfukoni, uliza duka la pili.